Salamu Waliyoikata

Kazi yangu Doha ilikuwa kufuta pumzi za watu. Studio ilikuwa Abu Hamour, juu ya duka la mazulia, na ilitengeneza katuni za watoto. Mimi nilikuwa fundi wa sauti. Siku nzima nilikaa na hedifoni masikioni nikikata vikohozi, viti vinavyolia, mate yanayomezwa, na pumzi. Pumzi hasa. Bosi alishikilia kwamba mtoto anayetazama sungura akiongea asikumbushwe kuwa nyuma yake kuna binadamu. Basi nikawa nafuta. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na sikuipenda.

Siku nilizozichukia zaidi ni zile katuni ilipohitaji mtu mweusi. Mweusi wetu alikuwa mbeba mizigo wa tajiri, au mpishi mnene asiye na jina, au kundi la watu wenye midomo mikubwa wanaorukaruka msituni. Mstari wa kusema hawakuwa nao. Ofisini mweusi nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo nikaitwa nitie sauti. Nilimuuliza mchoraji watu hawa wanaongea lugha gani. Hakuwa mtu mbaya, kila asubuhi alinigawia chai yake. Akaniambia lugha haina haja, kelele tu inatosha. Nikaingia kwenye kibanda cha kurekodia, nikawatukana wote kwa Kikamba, kuanzia bosi mpaka babu yake aliyekufa, na matusi yale yakarushwa Ghuba nzima watoto wakinywa maziwa yao. Ndiyo raha pekee niliyoipata katika kazi ile.

Nasimulia haya ili ieleweke kwa nini, nilipoombwa baadaye kusaidia katuni ya aina nyingine, nilikubali kabla sijauliza maswali.

Nilikuwa na rafiki Mganda aliyefanya kazi ya kupokea mizigo mlangoni mwa hoteli moja kubwa. Tulijuana kanisani siku ya Ijumaa, kwa maana Doha Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Alikuwa akiimba besi kwenye kwaya. Siku ya kwanza nilimwambia "Sasa," nikapita. Akanifuata mpaka kwenye foleni ya maji.

"Nyabo," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita bibi kwa heshima, "nyinyi Wakenya munasalimiana kama watu polisi wanafukuza."

Akaanza kunifundisha adabu. Kwao Buganda, akasema, ukishaulizwa umeshindaje na ukajibu salama, salamu haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Mmoja anaitikia "mmm," mwenzake anaitikia "mmm" ya chini zaidi, wa kwanza anarudisha, mwingine anapokea, na hakuna anayeharakisha. Katikati mnaulizana kama nyumbani kumetulia, halafu mmm zinaanza upya. Kwa mzazi ndiyo usithubutu kuzikatiza. Mtoto anayeruka mmm na kuingia moja kwa moja kwenye shida zake ameonyesha kwamba hakulelewa. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Alisimama pale juani na sare yake ya hoteli akaningoja mpaka nikaitikia sawasawa.

Dada yake mdogo alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika villa moja Al Thumama, mtaa niliokuwa nimepanga chumba. Madam wake alimpa ruhusa Ijumaa moja moja, baada ya vyombo vya mchana. Siku hizo tulikula pamoja sisi watatu, na wao wawili wakampigia mama yao simu, nje kidogo ya Masaka. Nilizoea kusikia zile mmm zikivuka bahari, mwana huku, mama kule. Zilikuwa zinamaliza muda wa maongezi kuliko maneno yenyewe, na nilimtania kwamba kampuni ya simu ilipaswa kumwajiri.

Kisha gazeti moja la kwao likachapisha picha za watu, wanaume na wanawake, likiwaita mashoga na wasagaji na kutaja walikokuwa wakiishi. Ya rafiki yangu ilikuwamo, ya zamani, ya kabla hajaja Doha. Hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa mimi na dada yake, naye mimi aliniambia kwa sentensi moja tu, tukiwa tunangoja basi: kwamba anapenda wanaume, na kwamba nikitaka kuacha kukaa karibu naye kwenye kiti nijisikie huru. Nilimwambia asogee kidogo, mkoba wangu umebanwa. Hivyo ndivyo tulivyolimaliza.

Gazeti halikulimaliza hivyo. Wenzake wa chumba kule kwenye kambi ya wafanyakazi walilipokea kwenye simu zao kabla hata hajaamka. Waliimba naye kwaya moja, baadhi yao. Mmoja aliyekuwa akimkopesha sabuni alilitoa nje godoro la rafiki yangu. Msimamizi wa hoteli akamwita, akafunga mlango, akamwambia aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari kabla mtu hajaenda polisi. Alisema anamfanyia wema. Labda alikuwa anamfanyia wema kweli, sijui, bado nikikumbuka damu inanichemka.

Mama yake alikata simu. Siku iliyofuata akabadilisha laini, akampa namba mpya binti yake peke yake, kwa sharti kwamba asimpe kaka.

Nimeona watu wakifukuzwa kazi, na nimeona watu wakiogopa kufungwa. Yeye vyote viwili alivibeba bila kuinama. Lililomvunja ni ile laini ya simu. Alikuwa akiniuliza: "Nyabo, sasa mama anadhani mimi niko nani?" Alitaka mama yake amsikie mara moja tu akisema mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba ni yuleyule aliyemzaa. Baada ya hapo, akasema, akimlaani amlaani mtu anayemjua.

Wakati anangoja khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini ambayo kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ndiye aliyepaswa kuitia saini, nilitafutwa na Mkenya mwenzangu aliyekuwa akiishi Ulaya. Tulisoma naye chuo kimoja Nairobi. Sasa alikuwa mwongozaji wa filamu, na alitaka kutengeneza filamu fupi ya michoro kuhusu wakimbizi wa mapenzi ya jinsia moja kutoka nchi zetu. Michoro kwa sababu nyuso haziwezi kuonyeshwa. Sauti ziwe za watu wenyewe, si za waigizaji. Alilisisitiza hilo sana. "Tumechoka kuchorwa na watu wasiotujua," aliniambia, na mimi niliyetukana kwa Kikamba kwa niaba ya kundi zima la msituni nilikaribia kulia kwa furaha.

Nilimpelekea rafiki yangu habari hizo. Akafikiri kidogo, kisha akauliza swali moja: je, filamu inaweza kutazamwa kwenye simu? Nikamwambia inaweza. Dada yake alikuwa anakwenda nyumbani likizo baada ya miezi kadhaa.

"Mama hatachukua simu yangu," akasema. "Lakini dada akimwonyesha katuni, atatazama. Uso hapana. Sauti atajua."

Tulirekodi chumbani kwangu, Ijumaa mchana, mwezi wa Julai. Mwanamume ndani ya chumba cha mwanamke asiye mke wake lilikuwa kosa lenyewe mbali na lile lingine, kwa hiyo dada yake alikuja naye akaketi mlangoni. Ukirekodi Doha adui yako ni kiyoyozi. Kinanguruma kwenye kila neno. Inabidi ukizime, na ukikizima Julai hewa inaganda. Tulitundika mablanketi ukutani, tukazima, rafiki yangu akavua shati akabaki na fulana, jasho likimdondokea kwenye maiki. Dada yake alikuwa akimpepea kwa kifuniko cha boksi la viatu, polepole, asilete upepo wa kusikika.

Mwongozaji alikuwa ametuma maelekezo: aanze kana kwamba anampigia mama yake simu, halafu aendelee kueleza maisha yake kwa Kiswahili. Basi akaanza kwa Kiganda, akimuuliza ameshindaje.

"Osiibye otya, maama?"

Akanyamaza. Nilidhani amesahau. Nikainua mkono nimwambie tuanze upya, dada yake akanitikisia kichwa. Alikuwa anamngoja mama ajibu. Aliacha nafasi ya jibu lote, kisha akaitikia "mmm." Akangoja. "Mmm." Akangoja tena, akauliza kama nyumbani kumetulia, akangoja, "mmm," ya chini kabisa, ya besi. Nilitazama mlangoni. Dada yake alikuwa ameziba mdomo kwa kile kifuniko cha boksi ili asimjibu.

Zilipoisha ndipo alipoanza kusema. Alisema yaliyoandikwa gazetini kuhusu yeye kupenda wanaume ni kweli, na yaliyoongezwa juu yake si kweli. Alisema anakwenda Nairobi kuomba ukimbizi kwa sababu nyumbani hawezi kurudi. Alisema bado anakula na mkono wa kulia na bado anaombea chakula. Vitu vya ajabu kama hivyo, vidogo vidogo, ambavyo mtu hawezi kuvitunga. Nilipozima mashine sote watatu tulikuwa tumelowa, na tukawasha kiyoyozi tukasimama chini yake.

Sikufuta hata pumzi moja. Nilituma rekodi ilivyo.

Khuruji ilipotoka, hoteli ikamkatia tikiti ya Entebbe kupitia Nairobi. Nairobi akashuka na begi lake la mkononi, hakupanda ndege ya pili. Huku nyuma tulianzisha kikundi kwenye simu, wanawake wachache wa Kenya na Uganda tulioaminiana: manesi wawili, mpishi, dada yake, na mimi. Tulikiita cha mapishi. Kwa mtu wa nje tulikuwa tunajadili chapati na pilau. Kwa ndani tulikuwa tunatafuta nani ana ndugu Nairobi atakayempangisha Mganda bila kumchunguza, nani anamjua daktari asiyeuliza maswali, nani anasafiri na nafasi ya koti na viatu kwenye begi. Baadaye wakaongezeka wengine wa kusaidiwa, watu ambao hatukuwahi kuwaona. Kila tulipopata mtu wa kumpokea mmoja wao tuliandika kwamba unga umeumuka. Ulikuwa unaumuka kwa shida sana.

Filamu ilikuja. Niliifungua studioni saa ya chakula, wengine wakiwa wameshuka kula.

Michoro ilikuwa mizuri, siwezi kusema uongo. Rangi zilikuwa zimetulia na kijana aliyechorwa alikuwa na mabega ya rafiki yangu. Lakini mama yake alikuwa amewekwa kwenye kibanda cha nyasi, na moshi unatoka paani. Mama yule ana nyumba ya matofali na bati jekundu, na makochi yenye vitambaa alivyofuma mwenyewe. Nilikuwa nimetuma picha. Nikajituliza, nikasikiliza.

"Osiibye otya, maama?" Na papo hapo, bila hata kupumua: "Yaliyoandikwa kunihusu ni kweli."

Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Kilichokatwa nilikijua, kwa sababu kazi ya kukata ndiyo niliyokuwa nikilipwa kuifanya. Mmm zote zilikuwa zimeondolewa, na nafasi zote za mama. Ilikuwa imefanywa kwa ustadi, huwezi kuona mshono.

Nilimpigia mwongozaji simu.

"Zile zilikuwa kelele tu, mpenzi," akasema. "Na vile vimya virefu, aki watu watadhani sauti imekwama. Filamu ni fupi. Si unajua?"

"Hizo ndizo salamu."

"Salamu si nimeiacha? Hapo mwanzo, kwa Kiganda, na maandishi chini. Imewagusa watu sana."

"Umemfanya mtu asiye na adabu mbele ya mama yake."

"Hakuna mtu atakayejua hilo," akasema, na hakusema kwa ubaya. Kwake "mtu" ni wale wa kwenye kumbi. Nilimuuliza kuhusu bati. Akaniambia ukiwaonyesha nyumba ya matofali na makochi, watazamaji wa kule hawaoni shida iko wapi. Nikampasulia kwamba huko Abu Hamour nilikuwa na bosi wa namna yake, ila bosi wangu hakuwahi kunidanganya kwamba anatafuta ukweli. Akasema nimechoka. Tukaagana vibaya.

Filamu ikasafiri. Ilipigiwa makofi katika miji ambayo rafiki yangu asingepewa viza hata ya kupita uwanja wa ndege. Mwongozaji alinitumia picha za watu wakifuta machozi.

Dada yake alikwenda likizo. Nilimsihi asimwonyeshe mama ile filamu, lakini alikuwa ameshaipata kwa njia zake, na kaka yake alikuwa anangoja, na yeye aliona sauti ni sauti. Mama aliitazama yote, akauliza huyu ni nani.

"Ni mwanao."

"Mwanangu angenisalimia," mama akasema. Akarudisha simu. Halafu akaongeza, na dada yake alinieleza akilia: "Kama ni yeye, basi wale wa gazeti walisema kweli. Wamemgeuza."

Aliyempa rafiki yangu habari hizo ni mimi. Alikuwa amepanga chumba pembezoni mwa Nairobi na Waganda wengine watatu, na kulikuwa na redio nyuma yake.

"Nyabo, zile mmm zilikuwemo?"

"Hazikuwemo."

Redio ikaimba muda mrefu. "Basi amesikia mtu mwingine," akasema.

Nilimwambia rekodi nzima ninayo. Mtu akishakataliwa na mama yake mara mbili haikimbilii ya tatu. Mwishowe akasema nitume. Nikaituma Masaka kabla likizo ya dada yake haijaisha, sauti tupu, bila picha ya nyasi wala ya bati.

Dada yake alikuwa na simu mbili kama wengi wetu, ya Doha na ya nyumbani. Kwenye moja alicheza sauti ya kaka, nyingine akaiweka irekodi. Mama alikuwa uani akimenya matoke. Hakumwambia kitu. Alibonyeza tu.

Alinitumia kilichorekodiwa nami nikakisikiliza kwenye hedifoni za studio, nimefunga mlango. Kuna kuku. Kuna kisu kinachokwangua ganda la ndizi. Kisha sauti ya rafiki yangu, ya kile chumba changu cha joto: "Osiibye otya, maama?" Kisu kinasimama. Ile nafasi aliyoiacha, ambayo mimi nilidhani amesahau mstari, inaanza kupita, na ninasikia pumzi ya mwanamke mzee. Kisha anajibu. Anajibu na kumuuliza yeye pia. Mwana anaitikia "mmm." Mama anaitikia "mmm." Hakuna anayemkatiza mwenzake. Anamwuliza kama nyumbani kumetulia, mama anasema kumetulia, ingawa hakukutulia, na wanashuka pamoja, mmm kwa mmm, mpaka ile ya chini kabisa. Kila nafasi aliyoiacha mwana ilimtosha mama.

Halafu mwana akaanza kusema yaliyoandikwa gazetini ni kweli. Kiti kikalia. Nyayo zikaondoka kuelekea jikoni, na sauti yake ikaendelea kueleza peke yake, mbele ya kuku, mpaka mwisho.

Mama hakumpa mwanawe ile namba mpya ya simu. Mpaka leo hajampa. Alimsalimia mwanawe, na hakutaka kusikia zaidi ya hapo, na mimi siwezi kulipamba.

Nilimtumia rafiki yangu ilivyo, kuku na kila kitu. Mikono yangu iliyozoea kufuta nikaikalia. Alinipigia kesho yake.

"Hakuruka hata moja," akasema.

"Hata moja."

"Mmm," akasema, na mimi nikaitikia, kama alivyonifundisha kwenye foleni ya maji. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko tulivyowahi.

Wiki chache baadaye mwongozaji akanitafuta tena, kwa sauti tamu, kana kwamba hatukugombana. Alikuwa amesikia kutoka kwa mtu fulani Nairobi kwamba iko rekodi ya mama akimjibu mwanawe. Alikuwa anatengeneza filamu ya pili. Alisema kitu kama hicho, kitu cha kweli kiasi hicho, hakipatikani popote, na angekiweka mwanzoni kabisa. Nilimwambia si changu, nitamuuliza mwenyewe.

Nikamuuliza. Nilitaka akatae, lakini niliuliza kwa haki, kwa maana alikuwa bado anangoja majina ya watakaohamishiwa nchi za mbali, na mtu anayejulikana kwenye filamu huenda akasaidiwa mapema. Hilo nilimwambia wazi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Anataka ile ya kuitikiana?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mwambie hakuna," akasema. "Mwambie ilikatwa."